Kijani cha Subilaga

Lenzi yangu hulala ndani ya kopo la mchele,
mchele wa Kyela, wa kupikia wageni,
maana Tukuyu mvua haina likizo
na ukungu wa huku ni wa aina mbili:
ule unaoshuka Rungwe ukameza migomba,
na ule unaoota ndani ya kioo, polepole,
kama ndevu za mvulana.
Mke wangu anajua. Kila Ijumaa huupika mchele huo
na kulalamika kwamba unanuka mpira.

Jumamosi waliniita ukumbi wa ushirika wa chai.
Onyesho la mavazi. Mafundi cherehani tisa,
mazulia mawili ya kanisani yameungwa kwa pini
yakawa njia ya kupita,
na Mama Mwangoka, mwenyekiti, akanionya mlangoni:
"Flashi hapana. Inawashtua wasichana, watajikwaa."

Basi nikabaki na taa zilizopo:
mrija mmoja unaopepesa kama jicho lenye mchanga,
balbu ya njano juu ya meza ya waamuzi,
na lile dude la disko la kukodi kutoka Kiwira
lililomwaga nyekundu, nyekundu, buluu,
kisha nyekundu tena, kama mlevi mwenye neno moja.

Nikiharakisha shata, mrija unanichapa mistari,
picha nzima imejifunika ngozi ya pundamilia.
Nikipunguza, moja ya hamsini,
niende sawa na mapigo ya umeme wenyewe,
mistari inaondoka lakini wasichana wanayeyuka:
mguu mmoja unakuwa mitatu,
uso unakuwa uji.
Nikapandisha aiso mpaka picha ikatoa chenga
kama dona la mashine mbovu.

Nilichojifunza misibani
(kazi yangu hasa ni misiba na pasipoti)
ni kwamba kila mtu, hata anayelia, husita.
Kuna chembe ya muda kabla hajageuka,
mwili unapouliza njia.
Hapo ndipo nabonyeza.
Nikabana viwiko mbavuni, nikazuia pumzi,
nikawangoja mwisho wa zulia.
Tumpe akasita: nikampata.
Lugano akasita, akapiga chafya: nikampata na chafya yake.
Akaja Atupakisye, mwanafunzi wa uuguzi,
ndani ya gauni la Subilaga.

Atupakisye hakusita.
Alitembea kama anayekimbiza damu wodini,
akageuka akitembea, akarudi akitembea,
na gauni, "kijani cha chai changa,"
alivyotangaza mshereheshaji,
chini ya ile nyekundu likawa jeusi,
jeusi kama sufuria ya msibani.
Picha kumi na nne. Zote hivyo.

Watu walipotoka nikamwonyesha Subilaga kwenye kioo kidogo,
visingizio vyangu nimevipanga mstari.
Alitazama. Akacheka kwa pua.
"Kijani? Kitambaa nilikinunua Mwanjelwa saa moja usiku.
Nimeshona miezi miwili, nikishawalaza watoto,
kwa tochi ya simu niliyoifunga kwenye cherehani.
Hata mimi sijaliona mchana."

Asubuhi alibisha kabla ya kengele ya kanisa,
gauni ndani ya mfuko wa mbolea uliofuliwa.
Mvua ilikuwa imenyamaza kidogo, kama anayesafisha koo.
Tukasimama kizingitini. Ukungu umekaa barabarani,
mweupe, mpana, usio na upande,
taa ambayo hakuna wa kuikodisha.
Akalishika mabegani, akalikung'uta likafunguka.

Halikuwa kijani cha chai changa.
Lilikuwa kijani cha maji ya Ngosi
ukiyachungulia kutoka juu, unapoogopa kuinama,
na kwenye pindo, kama urefu wa shubiri,
uzi wa kahawia aliodhani ni uleule.

"Huo uzi ukate," akasema, "na mkono wangu pia,
umejaa vidonda vya sindano."

Nimekata kizingiti. Nimekata ndoo ya jirani.
Uzi upo. Mkono upo.
Lenzi nimeirudisha mcheleni,
na Ijumaa bado iko mbali.