Jino la Kinyume

Jino la maziwa tulilirusha paani.
"Kunguru chukua lako, nipe langu," akasema Shaame,
akakaa barazani kungoja malipo.
Mwaka ukapita. La kulia limetoka, pana kama jembe;
la kushoto hamna: ufizi mtupu, mgumu, umetuna.
Skuli wakamwita Pengo.
Mamake akamlaani kunguru.
Bi Mgeni, jirani, akauliza kwa sauti ya chini
kama mtoto huyu hakuanza kuota meno ya juu,
na neno alilolimeza nililijua: kigego.

Tukatoka Konde asubuhi, mpaka Chake.

Daktari Raiye akabonyeza ufizi kwa kidole,
akahesabu meno kwa kunong'ona,
akataka picha. Kisha akataka ya pili,
mashine imesogezwa kidogo upande.
"Ya pili ya nini?" Mie fundi wa milango,
kitu nakipima mara moja.
"Ukitembea usiku," akasema,
"minazi ya karibu hurudi nyuma, mwezi hukufuata.
Jino lililoifuata mashine ndilo lililo nyuma."

Nikaliona:
dogo, limechongoka kama karafuu,
limesimama kichwachini-miguujuu, ncha yatazama puani.
Halikuitwa, halimo katika hesabu.
Limejibana kwenye kaakaa kama kabari
mtu aliyoisahau nyuma ya mlango.
Na mlango wenyewe uko pale pale, mzima,
unasukuma.

Kunguru maskini. Tumemtukana bure.

Siku ya sindano ya ganzi Shaame alinishika kidole gumba,
kile chenye kovu la randa.
"Utasikia kusukumwa, hutasikia kuumwa."
Ufizi ukafunuliwa nyuma ya meno kama jalada.
Mie sauti ya patasi naijua,
nikatazama dirishani.
Nyuzi tatu. Maji ya chumvi. Uji uliopoa.
"Sasa subirini," akasema Raiye, "miezi sita.
Likikataa kushuka, tutalivuta kwa mkufu mwembamba."

Lile la ziada alilitia katika kibiriti.
Nikamwambia alirushe paani.
"Hili silirushi," mdomo umevimba,
"asije akanirudishia jingine."

Mwezi wa tano, kabla ya adhana, akaniamsha,
akauvuta mdomo wa juu kwa vidole viwili.
Nikaleta kurunzi. Nikapitisha ncha ya kidole:
ukingo, na juu yake vijino vitatu,
kama msumeno mpya
ambao bado haujakata kitu.