Dakika Kumi za Ijumaa

Siku waliyouzima, saa kumi na robo alasiri,
paka wa Bi Mwanamkuu aliruka ukuta akatoweka.
Tangu azaliwe hakuwahi kusikia kimya.

Miaka kumi na tisa nimeulisha ule mtambo
dizeli ya mapipa yaliyovushwa kwa boti kutoka Mokowe,
nikaujua kama mtu anavyomjua mkwe mkali:
ukikohoa mara mbili, chujio;
ukitetemeka, mkanda;
ukinyamaza, jifiche,
Kizingitini nzima inakuja mlangoni
na samaki wanaoanza kunuka.
Sikio langu la kushoto nililiacha humo bandani.
Kampuni ililifidia kwa kofia ya njano
na cheti kilichokosea jina la baba.

Kisha kampuni ikaja na fedha nyingine.
Walitukusanya shuleni, darasa la nne,
watu wazima magoti yakigonga madawati.
Bwana wa Nairobi akachora ubaoni
hela zikipanda huku, moshi ukishuka kule,
mistari miwili ikapishana kama ndugu waliogombea shamba.
"Uwekezaji," akasema, "katika nishati safi."
Bi Mwanamkuu akainua mkono wenye hina:
"Hilo yuwa mtatuuzia kwa kipimo gani?
Maana hadi jana lilikuwa la Mngu."
Tukacheka. Yeye hakucheka.
Aliyejibu ni mhandisi Nyevu, binti wa Kigiriama,
bila chaki wala kusimama:
"Jua ni bure, mama. Waya ndio deni."
Jibu hilo nalibeba mpaka leo,
sijalipatia pa kulitua.

Paneli mia tatu na arubaini
zimelala pale wanawake walipokuwa wakianika makuti.
Fidia ililipwa. Wapo wanaoihesabu bado.
Kazi yangu sasa ni ndoo ya maji ya jabia na kitambaa:
alfajiri, kabla hazijashika moto,
nafuta chumvi iliyoletwa na upepo
na, ashakum si matusi, mavi ya kunguru.

Silalamiki. Kikohozi cha Shekue kimepungua,
kanzu zinakauka bila masizi,
barafu inagandishwa mchana kweupe.

Ila usiku.
Usiku betri zinafanya kazi bila kusema neno.
Wiki ya kwanza mke wangu akaniambia,
"Kumbe wakoroma!" Miaka yote hiyo
mtambo ulikuwa ukinitunzia siri.
Nami, kwa sikio lililobaki, nikamsikia
akiita usingizini jina la dada yake
tuliyemzika kabla ya harusi yetu.
Sijamwambia.

Mtambo haukuondolewa. Umevishwa turubai,
wa akiba, kwa siku za mawingu,
na kanuni inasema kila Ijumaa baada ya swala
uwashwe dakika kumi usishike kutu.
Navaa kofia ya njano. Nawasha.
Sakafu inanipanda miguuni hadi menoni.
Dakika ya tisa naangalia saa,
ya kumi natia sahihi daftarini.

Juzi, Mungu anisamehe,
niliandika kumi.
Zilikuwa kumi na saba.