Kabati la Shangazi Hilja

Tulipohamia ghorofa ya tatu, mjini Tartu,
viti vyetu vilikuwa vya mbetula, miguu myembamba kama ya ndama,
na kuta tukazipaka nyeupe bila kubishana.
Nyeupe ilijichagua yenyewe.
Kitu chepesi hakidai makuu.

Kisha Februari, theluji ikifika magotini,
wanaume wanne wakapandisha kabati la shangazi Hilja:
mwaloni uliokolea weusi, vishikio vya shaba,
mlango mmoja unaolia kama paka aliyekanyagwa mkia.
Wakaliegemeza ukutani, wakanywa chai, wakaenda zao.

Likabaki limesimama pale
kama mtu aliyevaa suti ya msiba
akaingia kwenye sherehe ya mtoto.

"Kosa si la kabati," akasema Tarmo siku ya tatu. "Ni la ukuta."
Akarudi na vikopo sita vya kujaribia.
Haradali. Samawati. Rangi ya samli iliyokaa.
Nyingine iliitwa Ukungu wa Asubuhi,
ikifika ukutani ni maji ya kudekia.
Miraba sita, na kabati likaikataa yote.

Wa saba ulikuwa kijani,
kile cha chini ya jani, upande usioliona jua.
Kabati likanyamaza.
(Najua kabati halisemi. Wewe hujaishi nalo.)

Tulipaka Jumamosi nzima, tukilizunguka tu,
maana kulisukuma kulitushinda.
Jioni viti vya mbetula vikaonekana wagonjwa,
vimepauka, vinaona haya.
Tukaviuza. Tukanunua sofa la mahameli, zulia zito,
taa yenye mwanga wa asali.
Mgeni njoo, mwenyeji apone;
huyu alikuja, mwenyeji akabadili nguo.

Mwaka wa pili dada yangu Maimu akapiga simu:
shangazi alimwahidi yeye.
Wanaume wanne tena. Chai tena.
Mlango ukalia ngazi zote hadi chini.

Nyuma yake ukuta ulikuwa bado mweupe,
mstatili mrefu, wenye mabega,
na pembezoni mikwaruzo ya brashi
pale mkono wa Tarmo ulipojinyoosha ukakoma.

Akaja na kikopo. Kijani kilibaki kidogo, kimeganda juu.
"Nizibe?"
Nikamwambia asubiri.
Nikaenda stoo, nikakitoa kiti kimoja cha mbetula
kilichokosa mnunuzi, mguu wake umelegea,
nikakiweka mbele ya ule weupe,
nikakaa, taratibu.