Mvua ya Hatua ya Tatu

Nimekaa nyuma ya Ndahani, chumbani Nkuhungu,
mikono nimeikalia nisimwonyeshe kitufe.
Mara tatu amegonga ukuta
niliodhani ni mlango.
Nikanyamaza. Feni ya kompyuta ikapumua vumbi.

Daftarini: mlango hauonekani.
Mbuzi anapita ndani ya mti.
Alipocheka, sikuandika kitu.

Hatua ya tatu, uwele umenyauka,
akabonyeza, mvua ikashuka palepale.
Akaachia kipanya.
"Hii ya wapi?
Bibi yangu kule Bahi
hupanda, hainyeshi, hupanda tena.
Wewe umempa kitufe."

Usiku nimekifuta.
Nimeweka wingu moja upande wa Chamwino,
linakuja, linageuka,
na mchezaji hana la kubonyeza
ila debe la mwisho la mbegu:
alihifadhi,
au apike.