Alama Mbili

Saa moja na robo jioni, darasa la nne, Jericho.
Viti ni vya watoto; magoti yetu yanagonga meza.
Ogalo ametoka Kamukunji kufua mabati,
masikio yake bado yamejaa nyundo.
Abdinoor huficha daftari chini ya majora ya vitambaa
ili mjomba asiulize.
Nami nanuka jiki. Mashuka ya hoteli, mia tatu kwa siku.

Mwalimu Nasipwondi anaandika sentensi ya Kiingereza
ndefu hadi chaki inavunjika.
"Tafuteni kishazi tegemezi.
Kisha mniambie kinafanya kazi gani."
Ogalo ananong'ona:
Nairobi hii, hata sentensi inaulizwa kazi.

Nimejifunza kuwatambua kwa mlio, mlangoni.
*Huu*, lakini si huu wetu: yeye huja nyuma ya mtu
akimweleza mtu ni yupi.
*Dhati*, ambaye mara nyingi hana dhati yoyote,
ni kulabu tu.
*Olidho* hukubali huku akikataa.
*Weni* ndiye kigeugeu.
Mvua ilinyesha nilipoondoka: hapo anashika saa, ni kielezi.
Nakumbuka nilipoondoka.
"Unakumbuka nini?" anauliza mwalimu.
Nilipoondoka.
"Basi hapo ni nomino, ni shamirisho, ndicho kinachokumbukwa.
Msikitazame kichwa. Kiulizeni kazi."

Kwetu haya yote humezwa na kitenzi.
*Aliyeondoka*: mtu na kuondoka kwake
katika pindo moja, uzi huuoni.
Kiingereza huacha mshono nje,
na penye mshono, anasema, mkasi hupita.
"Kateni. Kinachosimama peke yake ni huru.
Kinachoyumba ni tegemezi."

Asubuhi ile nilikuwa nimejaza fomu ya bima.
Safu ya wategemezi: Mutheu. Mwendwa. Mama.
Karani akaniuliza, "Ni hao tu?"
kana kwamba nimemletea mboga pungufu.
Sasa nikawaza: nikikatwa mimi, watayumba, sawa.
Wakikatwa wao, sarufi inasema nitasimama.
Sarufi haijawahi kulala Makongeni
katika chumba kilichonyamaza.

Swali la tatu: tunga sentensi yako,
pigia mstari kishazi tegemezi, taja kazi yake. Alama mbili.

Abdinoor aliandika kuhusu ngamia asiyewahi kumwona.
Ogalo aliandika kwamba anajua kwamba mwalimu anajua kwamba ana njaa,
tukacheka, na mwalimu akampa zote.

Mimi niliandika, kwa Kiingereza, taratibu, herufi zikilala:
Niliondoka Dandora kwa sababu alinivunja mkono.
Nikachukua rula.
Nikapiga mstari chini ya nusu ya pili,
kuanzia *bikozi* hadi nukta.
Kazi: kuonyesha sababu.

Alisimama karibu nami muda mrefu.
Nilisikia taa ya mrija ikivuma.
Kalamu nyekundu ikashuka, vema moja, vema mbili.
Kisha akaigeuza karatasi, uso chini,
akaiwekea kifutio juu
Ogalo asije akachungulia,
akaenda kufuta ubao
ambao tayari ulikuwa umefutwa.

Miaka sita watu wameniuliza, nami nimewajibu
kwa kishazi huru.
Niliondoka.
Kina kiima, kina wakati, hakidai kitu.
Shangazi alikipokea. Chifu alikiandika.
Hakuna aliyekikuta kikiyumba.

Usiku, Mutheu ananiuliza leo tumesoma nini.
Namwambia: sehemu za sentensi zisizoweza kusimama peke yake.
"Ambazo hazina maana?"
Hapana, nasema. Zina.
Naanika sare yake juu ya jiko,
na mkono wa kushoto, kama kawaida mvua inapokaribia,
unaanza kuuma pale pale,
chini ya kiwiko, mahali pa mstari.