Tochi ya Kung'ata

Alikuja saa nne, upepo wa Julai
umeshatandaza vumbi juu ya kioo changu,
pale Majengo, mlango wa pili kutoka kwa wauza zabibu.
Hakuuliza bei. Aliuliza jina.
"Ndahani."
"Ndahani, nipe tochi isiyo na maneno mengi."

Nikatoa ile ndefu ya chuma, ya walinzi,
nikammulika paka wa jirani mpaka akafumba macho.
Akaipima kiganjani, akanirudishia.
"Huu mchi. Leo sitwangi."

Nikatoa ya pili, nyepesi, nyeusi ya kung'aa,
boksi lake limeandikwa namba yenye sifuri tatu.
Nikaiwasha: ukutani ikawa mchana juu ya mchana.
Akavuta kigoda, akaagiza chai kwa Mama Mbeleje.
"Iache iwake. Nina muda."

Tukanywa. Nikauza betri mbili, kufuli, waya wa pasi.
Kikombe kilipofika nusu ukuta ulishaanza kunywea,
weupe umekuwa rangi ya uji wa mtama,
na tochi ya moto kama yai la kuchemsha.
"Unaona?" alisema, wala hakucheka.
"Hii inajua kubisha hodi. Haijui kukaa."

Nikamuuliza, mwanga wa kukaa wa nini,
unalinda shamba, unawinda?
"Mimi Sechelela, mkunga wa zahanati, Handali.
Umeme ukikatika na betri ya sola imechoka,
mikono yangu yote ina kazi.
Tochi naishika hapa."
Akafunua meno. Moja la mbele lina ufa.
"Mwaka juzi nilikuwa namshona mtu.
Sindano ya nne, taa ikafifia.
Ya tano niliipitisha kwa kupapasa."
Akanyamaza, akafuta mdomo wa kikombe.
Sikumuuliza ya sita.

Nikainama hadi rafu ya chini kabisa,
nikapangusa kijivu kimoja, kinene kama kidole gumba,
hakinunuliwi kwa kuwa hakiumizi macho.
Chai ya pili. Adhana ikapita juu ya mabati.
Chai ya tatu, sasa nalipa mimi.
Ukuta ule ule, duara lile lile,
hata ufa wa plasta nisioujua nikaujua.

"Naruhusiwa?"
Akakifuta kwa pindo la kanga, akaking'ata,
akasimama katikati ya duka
anashona hewa, taratibu, shingo imelegea,
na mwanga unaanguka palepale vidole vinapotaka.
Mteja aliyekuwa anaingia akarudi nyuma.

"Punguza elfu mbili," alisema akikitoa mdomoni,
"alama za meno ni zangu, utamuuzia nani?"
Nikapunguza tatu.

Usiku ule Chang'ombe umeme ulikatika.
Nikawasha ya kwangu, ile ya sifuri tatu,
nikaielekeza ukutani.
Mke wangu akauliza natazama nini.
Nilikuwa nahesabu.