Makisio Hayajui Mbalamwezi

Mimi ndiye mwenye mashine.
Mwalo wa Ihumbo, kibanda cha bati, jipya mbele, kuukuu nyuma.
Gunia la dagaa likipita nabonyeza,
karatasi inachomoza, ulimi mfupi mweupe:
tarehe, kiasi, asante kwa kulipa.

Nyanjige Bugumba huikunja yake mara nne,
huitia ndani ya kopo la maziwa ya unga
pamoja na kadi ya kliniki.
"Iko siku nitaulizwa," husema.
Sijawahi kumwambia ni nani atakayemuuliza.

Kule mjini, katika jengo linalotazamana na mawe,
walikaa wakaandika:
Ihumbo, ushuru wa dagaa, milioni nne na nusu kwa mwezi.
Mara kumi na mbili. Hesabu safi.
Hakuna aliyenyoosha kidole kusema
mwezi ukijaa dagaa hawaifuati taa,
wavuvi hushinda wakishona nyavu,
mashine hulala nami nasinzia juu yake.
Makisio hayajui mbalamwezi.
Basi simu hulia: "Masalu, umeshuka. Eleza."
Mara moja niliandika, Sababu: mwezi.
Nikapewa barua ya onyo.

Fedha ya Ihumbo hupanda kama mvuke wa ziwa,
kimya, kila siku, bila kusukumwa.
Kunyesha ndiko kwenye mambo.
Wingu hutupita hapa, tukilitazama,
likaenda kulowesha ng'ambo.

Mwaka ule tulitengewa wodi ya kujifungulia.
Kasma ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu,
ukurasa wa themanini na tatu, mstari wa pili kutoka chini.
Msingi ukachimbwa. Kuta zikafika kwenye linta.
Kisha likaja neno: zimehamishwa.
Zikaenda kwenye dizeli,
kutoka huko zikalipa posho za mwaka juzi,
zilizobaki zikanunua viti vya ukumbi, vile vya magurudumu,
maana Juni ina siku thelathini tu
na fedha isiyotumika hurudi ilikotoka.
Sitaki kumsingizia mtu wizi.
Kila hatua ina sahihi na muhuri.
Nimetafuta sahihi ya kughushi, sijaiona,
na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mbuzi wa Mzee Lugata wakahamia wodini.
Wawili wakazalia humo.
Angalau kuna waliojifungua.

Septemba wakaja kutusomea mapato na matumizi.
Waliipanga siku wenyewe, kwa kalenda ya ukutani,
ikaangukia mwezi mpevu,
kwa hiyo mwalo mzima ulikuwepo,
hata wale wasioonekana mchana.
Mweka hazina alisoma kwa jumla, kwa asilimia,
akameza maji, akauliza kama kuna swali.

Nyanjige akasimama na kopo lake.
Akalimimina mezani.
Karatasi tupu, nyeupe pe;
joto la bati lilikuwa limeshakula wino wote.
Watu wa meza kuu wakacheka, si kwa ubaya.
"Mama, hizi hazina kitu."
"Mliponipa zilikuwa nacho."

Kisha akaigeuza ya kwanza.
Nyuma, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa bintiye wa darasa la tano,
tarehe na kiasi.
Akaigeuza ya pili.
Hasomi haraka, Nyanjige; kila tarakimu aliishika kwa kidole.
Mwenyekiti alitazama saa mara tatu.
Ng'ombe walikwenda majini wakarudi, yeye bado yumo Februari.

Alipomaliza alizirudisha koponi, moja moja.
"Zangu nimesoma, risiti kwa risiti.
Nanyi someni zenu hivyohivyo."

Mweka hazina alilifungua faili,
akalifunga,
akajipepea nalo.

Mimi nilikuwa nimejumlisha kimyakimya.
Kwa miaka mitatu, mwanamke yule peke yake
alishalipia mlango mmoja wa mninga
na bawaba zake, na komeo.

Usiku ule ziwa lilikuwa jeupe hadi visiwani
na hapakuwa na taa hata moja majini.
Simu ikaita.
Niliiacha iite.